Neno Ambalo Micajah Hakuandika

Katika mji wa Harlow Falls, jimbo la New Hampshire, Eliphalet Thaxter aliendelea kuitwa Seneta muda mrefu baada ya kuacha useneta, na aliyejisahau akamwita Bwana Thaxter alijibiwa kwa kikohozi. Zaidi ya hapo mzee hakuwa na makuu. Alivaa koti lile lile kila majira ya baridi, alikula alichopikiwa, na jioni alikwenda kulala bila ugomvi. Lakini asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka chakula cha mchana, alikuwa na barua zake, na wakati huo hata paka alijua kutopita mbele ya mlango wa chumba cha kusomea.

Aliyeruhusiwa kuingia ni binti yake, Lavinia, ambaye hakuolewa. Watu walisema alikosa mume. Mwenyewe alisema amechoka kusikiliza wanaume wakijieleza tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na ukijua alilelewa wapi utamwelewa. Mama yake alipofariki, baba hakuwa na mtu wa kumwachia, akamchukua mpaka Washington, na kila msimu wa Bunge wakapanga katika nyumba ya Bi Quimby, mjane aliyekodisha vyumba kwa wabunge na kuwalisha mezani kwake.

Ah, meza ile. Lavinia alikuwa anakaribia miaka arobaini sasa, lakini akifumba macho angeweza kumketisha kila mtu mahali pake. Walikuwepo watu wa Kaskazini na watu wa Kusini, waliotukanana Bungeni mchana kutwa, na jioni wakaombana chumvi. Kulikuwa na supu ya chaza, paja la nguruwe, mikate ya moto, na mwishoni bakuli la lozi na mvinyo wa Madeira uliozungushwa mpaka kila mmoja akawa msemaji hodari kuliko alivyokuwa Bungeni. Siasa ilizungumzwa, tena kwa sauti kubwa, lakini mtu akivuka mpaka, Bi Quimby aligonga meza kwa kijiko na mazungumzo yakahamia kwenye farasi.

Baada ya chakula zililetwa bahasha. Siku hizo mbunge alipeleka barua zake bure, mradi atie sahihi yake pembeni mwa bahasha kwa mkono wake mwenyewe, na hotuba za kupeleka majimboni zilikuwa rundo juu ya rundo. Mikono ilichoka. Ndipo ikagunduliwa kwamba yule msichana wa Thaxter anaweza kuandika jina la baba yake mpaka baba mwenyewe asijue lipi ni lake. Ilikuwa kinyume cha sheria, na kila nyumba ya wabunge mjini ilifanya hivyo. Kisha ukawa mchezo: Lavinia aliiga mwandiko wa kila mtu pale mezani, mmoja baada ya mwingine, na mshahara wake ulikuwa lozi. Mwandiko alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Bwana Micajah Tolliver wa Georgia, wenye herufi ndefu zilizolala upande kama majani yaliyopigwa na upepo.

Bwana Tolliver alikuwa mtu mwembamba mwenye kicheko kikubwa, na katika watu wote wa meza ile ndiye aliyekuwa rafiki wa baba yake. Nyuma ya kiti chake, wengine wakila, alisimama Primus. Primus alikuwa mtu wake, yaani mali yake, na usiku alilala kwenye korido mbele ya mlango wa bwana wake. Ndiye aliyembeba Lavinia mgongoni kuvuka tope la barabara kuu, ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Lavinia alipokua na kuanza kusoma yale yaliyoandikwa na watu waliopinga utumwa, alikumbuka kwamba katika misimu yote ile hakuwahi kumwona Primus ameketi. Aliipenda meza ile na aliionea haya kwa wakati mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia afanye nini na mapenzi ya namna hiyo.

Sasa, watu wale walikuwa na sheria yao ya barua. Haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Ukitaka barua yako isionwe na mtu mwingine, uliandika juu kabisa, kabla ya tarehe, neno moja: Siri. Barua yenye neno hilo iliishia kwa aliyeipokea. Isiyo nalo ilikuwa ya ulimwengu wote. Rafiki yako angeweza kuisoma mkutanoni au kumpa mhariri wa gazeti, na ukilalamika ulichekwa. Jioni moja mbunge wa Vermont alikuja mezani na gazeti mkononi, uso umemwiva kwa hasira, kwa sababu masihara yake kuhusu mke wa waziri mmoja yalikuwa yamechapwa yote, mpaka salamu za mwisho. Wenzake walimhurumia kidogo, kisha wakamuuliza: uliandika Siri? Hakuandika. Basi wakamwambia apitishe mkate.

Hapo Micajah Tolliver aliweka kijiko chini, akamgeukia rafiki yake.

"Eliphalet, mimi neno hilo sitakuandikia hata siku moja. Kukuandikia wewe Siri ni kukwambia kwamba sikujui. Nikiwa na la siri, wewe utalitambua kwa kulisoma tu."

Eliphalet Thaxter, mtu ambaye angeweza kuhutubia saa nne bila kunywa maji, hakusema kitu. Aliinuka akampa mkono juu ya supu, wakashikana muda mrefu kuliko desturi, meza nzima ikiwatazama. Lavinia alikuwa ameketi pale pale katikati, lozi mdomoni. Tangu siku ile, kwa miaka ishirini na ushei, barua zilikwenda na kurudi kati ya Georgia na New Hampshire karibu kila wiki. Walishauriana, walibishana, walilia kila mmoja alipofiwa, walisengenya marais watano, na neno lile halikuonekana hata mara moja, upande huu wala ule.

Hayo ni ya zamani. Tuje kwenye Novemba ya mwaka 1860, uchaguzi umekwisha juzi tu na aliyeshinda ni mpinzani wa utumwa, Kusini wanatishia kujitenga na Muungano, na Ijumaa moja asubuhi barua ya Bwana Tolliver ikaletwa kutoka posta. Macho ya Seneta yalikuwa hafifu, kwa hiyo Lavinia alisoma kwa sauti, kama kawaida yake.

Mwanzo ulikuwa wa kawaida: miguu inauma, pamba imekuwa nzuri, majirani wamepandwa na wazimu. Atasimama kwenye mkutano wa jimbo kupinga kujitenga, atashindwa, na haidhuru. Kisha mwandiko ukabadilika, herufi zikasimama kidogo, kama mtu aliyeketi vizuri kitini.

"Mwezi wa tatu," Lavinia alisoma, "nitaondoka na watu wangu wote, Primus na wanawe na wengine, nikisema nawapeleka shambani kwa shemeji yangu Tennessee. Hatutasimama Tennessee. Nitawavusha mpaka Ohio, na huko nitawaandikia hati za uhuru wao, maana sheria ya hapa hainiruhusu. Mke wangu anajua, na sasa wewe. Nimechelewa miaka thelathini, Eliphalet, wala sitaki kusifiwa."

Lavinia alishusha karatasi. Alifuta macho, akashukuru kwamba baba yake hamwoni vizuri. Alimkumbuka Primus, ambaye sasa lazima awe na mvi, akahesabu miezi mpaka mwezi wa tatu, akaiona ni mingi mno.

"Umesikia, Vinnie?" Seneta alikuwa ameinuka kitini. Mashavu yake yalikuwa na rangi ambayo hayakuwa nayo tangu masika. "Umesikia alivyosema? Hii lazima ichapwe."

"Ichapwe, baba?"

"Gazetini, neno kwa neno. Hapa kwetu kila mtu anadhani Kusini nzima ni shetani aliyeshika mjeledi. Wakisoma hii watajua kule kuna watu. Mimi nitaandika utangulizi. Mwambie mhariri Whitcomb aje kesho saa tisa."

"Magazeti yanasafiri, baba. Ndani ya wiki mbili itakuwa Georgia."

"Ndiyo, waione na wao. Waone haya."

"Watamchomea nyumba. Na Primus watamuuza kabla hajafunga hata mzigo."

"Nani atamchomea Micajah nyumba?" Mzee alicheka kwa dhati. "Wewe mtoto, unawajua wale? Ni waungwana. Nimekula nao."

Alikula nao, ni kweli. Lakini wengi wa wale aliokula nao walikuwa makaburini, na waliobaki hawakuombana tena chumvi; walikwenda Bungeni na bastola chini ya makoti. Seneta alisomewa hayo yote kila wiki, akatikisa kichwa, na kesho yake nchi ikarudi kuwa meza ya Bi Quimby, ambako mtu akikosea kijiko kitagongwa na mambo yatakwisha.

"Bwana Tolliver hakutaka mwingine aione," Lavinia alisema taratibu.

"Angetaka hivyo angeandika." Mzee alichukua lenzi yake ya mkono, akaisogeza juu ya karatasi mpaka pua ikagusa kioo. "Tazama. Juu hakuna kitu. Mahali, tarehe, basi. Micajah si mtoto, sheria anaijua."

Lavinia alisogeza kiti karibu naye.

"Baba, hukumbuki? Mezani, ile siku ya mbunge wa Vermont, aliyechapishiwa barua yake. Bwana Tolliver akakwambia..."

"Vermont," alisema Seneta.

Alimtazama binti yake kwa uso wa adabu, uso ambao alikuwa ameanza kuuvaa kiangazi kile mbele ya watu wa mjini ambao majina yao yalimkimbia. Lavinia hakuwahi kuvaliwa uso huo. Akaikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha.

Ilikuwa kiangazi hicho hicho ambapo Seneta alipotea ndani ya shamba lake mwenyewe la matufaha. Keziah mpishi alimkuta ameshika mti mmoja, hataki kuuachia. Jioni, akili ilipomrudia, alimwita Lavinia akamwambia maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. "Ukiona nimeanza kupotea, usiniambie. Miguu ikienda, sawa; macho yakienda, sawa. Kichwa ndicho nilichonacho. Nikijua kimekwenda, Vinnie, nitakufa kabla ya kufa." Lavinia akaahidi. Tangu hapo alizibaziba matundu kimya kimya: alitaja majina ya wageni kwa sauti mlangoni, alikumbusha tarehe kama mtu anayejisemea mwenyewe, na mzee akapita juu ya matundu hayo bila kujua kwamba chini kuna shimo.

Jumamosi asubuhi alikaa jikoni na ile barua, ambayo baba yake alimpa ainakili. Whitcomb angetaka kuiona ya asili, wahariri walikuwa na desturi hiyo, maana barua za kughushi zilikuwa nyingi. Kuichoma? Mzee angeiulizia kutwa, na mwishowe angemshuku Keziah. Kumweleza Whitcomb ukweli? Asahel Whitcomb hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na kitasa, na kabla ya ibada ya kesho mji mzima ungejua kwamba Seneta amesahau neno kubwa kuliko yote aliyowahi kuambiwa.

"Bi Lavinia," Keziah alisema, akikoroga maharage ya jioni kwenye chungu, "umeikodolea macho karatasi hiyo kama inakudai. Ni posa?"

"Ingekuwa posa ningekuwa nimeshaitupa motoni."

"Usitupe. Nisomee kwanza nicheke."

Lavinia hakucheka. Alifungua chupa ya wino, akaandika neno lile mara tatu pembeni mwa gazeti la zamani, na mara ya tatu mkono ukakumbuka. Herufi zikalala upande, ndefu, vile vile kama za zamani. Kisha akaandika juu ya barua, kabla ya tarehe: Siri. Hakuna lozi aliyopewa. Alijiambia ameokoa nyumba moja ya Georgia na watu wote waliomo, na bila kumvunjia baba yake ahadi, na kwa saa chache aliona amefanya kazi safi.

Saa tisa Whitcomb alifika, theluji mabegani, daftari mkononi.

"Karibu," alisema Seneta. "Kaa karibu na jiko. Nasikia gazeti lako linafungia samaki vizuri sana siku hizi."

"Linafungia samaki kwa sababu watu wamekwisha kulisoma, Seneta. La mpinzani wangu linafungia samaki likiwa bado jipya."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lavinia alikuwa hajamwona na furaha namna hiyo muda mrefu, akalazimika kutazama dirishani. Seneta alieleza habari ya barua, alieleza Micajah Tolliver ni nani, akasema anaomba nafasi ukurasa wa kwanza, kisha akampa Whitcomb karatasi kwa mikono miwili.

Whitcomb aliinua miwani. Alisoma mstari mmoja, akaacha, akaikunja barua papo hapo na kuiweka juu ya meza kama kitu cha moto.

"Hii siwezi, Seneta. Na ningeomba nisiwe nimeiona."

"Huwezi nini?"

"Imeandikwa Siri."

"Haikuandikwa."

"Hapa juu, mheshimiwa. Kabla ya tarehe."

Seneta alitafuta lenzi yake, ikamchukua muda kuipata, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliinama juu ya karatasi. Lavinia alijua vizuri mambo aliyokuwa ameyapanga: mzee atalaumu macho yake, maana macho hayamwaibishi mtu, ataguna, atamwambia Whitcomb wanywe mvinyo wa tufaha, na mambo yataishia hapo.

Seneta aliguna kweli. "Macho haya," alisema. Kisha hakuinuka. Alibaki ameinama, kioo kikiwa juu ya lile neno, na pole pole uso wake ukaanza kubadilika, na Lavinia akauona, na akaelewa amefanya nini. Mzee alikuwa anakumbuka.

"Aliniambia hataniandikia," alisema Seneta, si kwa Whitcomb wala kwa binti yake. "Micajah. Alisema hataniandikia neno hili hata siku moja. Tulikuwa tunakula. Alisema akiniandikia ni kwamba hanijui."

Whitcomb alichukua kofia yake. Hata yeye, kwa mdomo wake ule, aliona hapa si mahali pa kukaa. Alipotoka, Seneta aliomba aongozwe mpaka kwenye jiko la chuma, akalifungua kwa mkono wake na kuichoma barua, kwa sababu barua ya siri huishia kwa aliyeipokea. Alisimama pale mpaka karatasi ikawa majivu. Primus na wanawe walikuwa salama, na Lavinia, aliyesimama nyuma ya baba yake, hakuweza kufurahi.

Jioni Seneta hakula. Keziah alimwekea maharage na kipande cha mkate wa kahawia, sehemu ya pembeni iliyokauka aliyoipenda, na baadaye akaviondoa kama alivyoviweka.

Jumapili ilikuwa siku yake ya kumwandikia Micajah Tolliver. Hata alipokuwa na homa ya mapafu aliandika, au alimtamkia Lavinia maneno naye akaandika. Waliporudi kutoka kanisani Lavinia alitayarisha karatasi, wino, kalamu, akaketi mahali pake.

"Leo hakuna," alisema Seneta.

Alikuwa ameketi upande wa dirisha, mikono juu ya magoti. Hakuonekana amekasirika. Angekuwa amekasirika, Lavinia angepumua.

"Nimefikiri usiku kucha, nimemkosea nini," alisema. "Mtu haamki tu asubuhi akaacha kukuamini baada ya miaka ishirini. Labda ni ile barua ya Agosti, nilimwandikia kwa ukali kuhusu uchaguzi. Au kuna mtu amemwambia jambo. Hujui mtu yeyote wa kumwambia jambo?"

"Hapana, baba."

"Wala simlaumu. Nyakati ni mbaya. Pengine hata mimi, ningekuwa kule..." Aliacha. "Nilidhani sisi wawili tutabaki, Vinnie. Wengine wote waondoke, Muungano uvunjike, lakini sisi wawili tutabaki kama tulivyokuwa. Ni upumbavu wa mzee."

Lavinia alitazama karatasi tupu. Njia zilikuwa mbili tu, na alizipima zote mbili kwa uchungu. Akinyamaza, baba yake atabaki na kichwa chake na atakufa akiamini kwamba rafiki yake alimtenga. Akisema, atamrudishia rafiki, lakini atalazimika kumwambia kile alichomwomba asimwambie kamwe. Hasira ilimpanda, akamkasirikia Tolliver kwa ahadi yake nzuri ya mezani, akawakasirikia wanaume wote wale na sheria zao za heshima zilizoweza kubeba kila kitu isipokuwa mtu anayezeeka. Kisha akamwona baba yake akifuta dirisha kwa mkono, ingawa ukungu ulikuwa machoni mwake na si kwenye kioo.

"Baba," alisema. "Bwana Tolliver hakuandika lile neno. Ni mimi."

Seneta aligeuza kichwa.

"Niliiga mwandiko wake. Jana asubuhi, jikoni."

"Wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Lavinia aliweka kalamu chini, akamgeukia.

"Kwa sababu ungeichapisha, na wangeuzwa wote. Nami nisingeweza kukuzuia, maana ulikuwa umesahau. Juzi, nilipokutajia ile siku mezani kwa Bi Quimby, hukuikumbuka, baba. Haikuwepo kabisa. Si mara ya kwanza. Yako mengine pia, tangu kiangazi, na nimekuwa nikiyafunika. Uliniomba nisikwambie. Nisamehe."

Keziah alisikika jikoni akipanga sahani, na Lavinia alimngoja baba yake afe kabla ya kufa, kama alivyosema mwenyewe.

Mzee alipumua ndani, akatoa. Akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kama mtu anayepapasa kitu alichoambiwa kimevunjika.

"Yaani Micajah hakuliandika," alisema.

"Hakuliandika."

"Una hakika? Usinidanganye tena, Vinnie, kwa huruma. Karatasi ilikuwa tupu pale juu?"

"Ilikuwa tupu, baba. Wewe mwenyewe uliiona. Uliona sawasawa."

"Basi aliyepotea ni mimi," alisema Seneta, na sauti yake ikakatika katikati, na machozi yakamtoka waziwazi, lakini alikuwa anatabasamu, na Lavinia hakuelewa mpaka mzee aliponyoosha mkono kutafuta wake. "Mungu ashukuriwe. Ni mimi tu."

Waliketi hivyo, mkono katika mkono, na baadaye kidogo alimwambia achukue kalamu, kuna barua ya kuandika, posta inaondoka kesho. Lavinia akachovya kalamu. Seneta alifungua mdomo kuanza, akaufunga. Ule uso wa adabu ukamjia tena, lakini safari hii hakuuficha.

"Nilikuwa nayo jana, nikiinama juu ya kioo," alisema. "Imekwenda tena. Hebu nieleze ile siku, Vinnie. Mezani. Ilikuwaje?"

Lavinia akamweleza. Akamketisha kila mtu mahali pake, akamleta mbunge wa Vermont na gazeti lake na uso wake ulioiva, na mzee akacheka aliposikia wenzake wakimwambia apitishe mkate. Akamleta Primus pia, amesimama nyuma ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulisema alipokuwa akiisimulia siku ile. Kisha akasema maneno ya Micajah Tolliver yote, kama alivyoyasikia. Seneta alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikisogea kidogo. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza.

"Aliniambia hivyo," alisema. "Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

"Nami nikamjibu nini?"

"Hukusema kitu. Uliinuka, ukampa mkono."

Seneta aliitikia kwa kichwa taratibu, akiipima habari hiyo.

"Vizuri," alisema. "Nilifanya vizuri."